Holda ya simu kwenye pikipiki: inalegea wapi, na namna ya kuifunga

Holda za simu za bodaboda hazifi sana kwenye makucha. Zinafia chini, kwenye shingo au pale klampu inapobana usukani. Mteja dukani huweka simu, huivuta kwa nguvu, akiona haichomoki anatoa hela. Jaribio hilo linapima kitu kimoja tu, tena kile kisichosumbua sana. Kinachoua holda ni mtetemo wa injini kutwa nzima pamoja na matuta na mashimo, na vyote hivyo vinapanda kutokea kwenye usukani kwenda juu.

Mfumo wowote, uwe wa elfu kumi au wa laki mbili, una maungio matatu: simu (au kava lake) na kichwa cha holda, kichwa na shingo, halafu klampu na chombo. Mimi huanzia chini.

Bomba kwanza

Kabla ya kununua pima kipenyo cha bomba, na usikadirie kwa jicho. Kama huna kipimo cha vernia, kata ukanda wa karatasi, uzungushe mara moja pale utakapofunga, tia alama ya kalamu ncha inapokutana, kisha unyooshe kwenye rula. Ukipata milimita 69, bomba lina kipenyo cha milimita 22, na hilo ndilo la pikipiki ndogo nyingi zinazobeba abiria huku kwetu, Boxer na TVS zikiwemo. Milimita 80 ni bomba la 25.4. Milimita 90 ni 28.6, la usukani mnene wa pikipiki kubwa. Milimita 100 ni 31.8, utalikuta katikati ya usukani wa baiskeli nyingi za kisasa.

Klampu za bei nafuu huandikwa kwamba zinaingia bomba lolote kuanzia 22 hadi 32. Kuingia zinaingia. Tatizo ni kwamba kwenye bomba la 22 taya mbili zinakutana kabla hazijabana vizuri. Ukishakaza, angalia pembeni: lazima ubaki mwanya wa milimita 1 hadi 3 kati ya taya, unaolingana pande zote mbili. Mwanya ukiisha, nguvu yote ya skrubu inakwenda kwenye plastiki kubana plastiki, na usukani haupati kitu. Ukiendelea kuzungusha alenki (ufunguo wa pembe sita) hapo, unachoongeza ni ufa.

Dawa yake ni mpira wa tyubu ya baiskeli. Una unene wa karibu milimita 1, kwa hiyo mzunguko mmoja unaongeza kipenyo kwa milimita 2, kutoka 22 hadi 24. Kata ukanda wenye upana sawa na wa klampu, uzungushe mara moja tu, ncha zigusane bila kupandana, na uelekeze maungio chini ili maji yasiingie. Usirundike matabaka matatu au manne ya mpira. Matabaka yanateleza yenyewe kwa yenyewe, na baada ya wiki simu itakuwa imeinama inaangalia tangi. Kama hata tabaka la pili halitoshi, ujue klampu si yake.

Futa bomba kwa spiriti kabla ya kuweka mpira. Petroli siipendi kwa kazi hii, inaacha utando wa mafuta na inauvimbisha mpira. Grisi ya waya wa klachi ndiyo adui mkubwa hapa, kwa sababu inashuka taratibu hadi kwenye klampu na hakuna anayeiona.

Kwenye kukaza, kama klampu ina skrubu mbili, zungusha nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, mpaka zifike pamoja. Klampu ya nailoni yenye skrubu za M5, yaani za kipenyo cha milimita 5, haihitaji ubabe. Ingiza upande mrefu wa alenki kwenye skrubu na uzungushe kwa kushika upande mfupi, hapo mkono hauna nguvu ya kuvunja kitu. Ukisikia skrubu inakuwa laini ghafla badala ya kuzidi ugumu, simama, meno ya plastiki yameshaliwa.

Wengi hukimbilia gundi ya skrubu, ile ya bluu. Kwa chuma na chuma ni sawa kabisa, tone moja linatosha. Lakini gundi hiyo ikigusa plastiki ngumu kama ABS au polikaboneti inaweza kuipasua. Nyufa hutokea kuzunguka tundu la skrubu, baadaye, wakati fundi ameshasahau. Kwenye plastiki tumia nati yenye pete ya nailoni ndani. Bei yake ni ndogo, na hailegei kwa mtetemo.

Kufunga kwenye mguu wa sait mira

Njia nyingine ni bati lenye tundu linaloingia chini ya nati ya sait mira. Faida yake ni kwamba haitegemei msuguano, kwani bolti inapita katikati yake, basi. Sait mira za pikipiki nyingi ni M10 yenye hatua ya meno (jino hadi jino) ya milimita 1.25, ila skuta kadhaa hutumia M8, kwa hiyo nenda dukani na nati mkononi. Ukifanya kazi kwenye Yamaha, jaribu kwanza upande wa kulia kwa mkono: nyingi zina meno ya kinyume pale, na fundi mwenye haraka hukaza badala ya kufungua mpaka anakata bolti. Ubaya wa njia hii ni kwamba simu inakaa pembeni, jicho linasafiri mbali na barabara kila unapoangalia ramani.

Shingo iwe fupi

Simu yenye kava ina gramu 230 hivi. Pikipiki ikidumbukia shimoni na kupata mtikisiko wa mara tano ya uzito, shingo inabeba zaidi ya kilo moja kwa sekunde hiyo. Kichwa kikiwa sentimita 10 kutoka kwenye bomba badala ya 5, nguvu ya kupindisha inayofika kwenye klampu inakuwa mara mbili. Shingo ndefu inayopindika kama bomba la bafuni ni ya kitandani na jikoni, haina kazi kwenye chombo chenye magurudumu mawili.

Shingo bora ni ya gololi. Mfumo unaojulikana zaidi ni wa RAM, wa Seattle, Marekani, wenye gololi iliyovikwa mpira inayobanwa na mkono wa vipande viwili. Saizi inayotosha simu ni ya inchi 1, yaani milimita 25.4, na ile ya inchi 1.5 ni ya tableti na vifaa vya boti. Kuna nakala nyingi sokoni. Ili ujue nakala nzuri, bonyeza gololi kwa kucha: mpira ubonyee kidogo kisha urudi. Gololi ya plastiki tupu itashika siku ya kwanza, halafu itasagika na kuwa laini. Na gololi haipakwi mafuta wala ile spreya ya kung'arisha dashibodi. Inashika kwa msuguano tu, ukiipaka umeiua.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Vichwa vingi vya holda vina matundu manne nyuma, yaliyopangwa mstatili wa milimita 30 kwa 38. Mpango huo unaitwa AMPS, jina lililotoka kwenye mtandao wa simu wa analogi wa Marekani, enzi za simu za kufungwa kwenye gari. Ukinunua kichwa na shingo vyenye matundu hayo, unaweza kuchanganya kampuni tofauti bila kutoboa chochote.

Kichwa na kava

Makucha ya kubana pembeni yana sifa moja kubwa: yanachukua simu yoyote. Hakikisha ncha hazikai juu ya vitufe vya sauti na vya kuwasha, kwa sababu simu nyingi zikibonyezwa hivyo kwa muda huzima, hujiwasha upya au huanza kupiga namba ya dharura. Chagua yenye springi pamoja na kitasa cha kufunga. Springi peke yake hufunguka kidogo kidogo kwa kila tuta.

Mfumo wa kava ndio ninaoupendelea. Kava lenyewe lina tundu la kufungia mgongoni. Kwa Quad Lock ya Australia, kwa mfano, unaweka simu kimshazari, unabonyeza, unazungusha nyuzi 45, na inajifunga kwa mlio wa "tak". Kuitoa lazima usukume kitufe huku unazungusha, hivyo mtu wa kupita hawezi kuinyakua kwenye foleni kirahisi. Shida ni kwamba makava hayo hutengenezwa zaidi kwa iPhone, Galaxy S na Pixel. Mwenye Tecno au Infinix hubaki na njia ya kipande cha kubandika kwenye kava lake la kawaida.

Kipande hicho kinabandua kazi nzima kikibandikwa vibaya. Hakishiki kwenye kava la silikoni, hata ufanyeje. Kinataka kava gumu lenye mgongo usio na vipele. Safisha kwa spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, acha ikauke, bandika katikati ya uzito wa simu, kisha bonyeza kwa dole gumba kwa nguvu. Gundi nzuri ya utepe wa pande mbili, ya aina ya VHB, hufika karibu nusu ya nguvu yake baada ya dakika 20, asilimia 90 baada ya saa 24, na nguvu kamili baada ya saa 72. Anayebandika asubuhi na kuondoka na abiria saa ileile anatumia nusu ya gundi aliyolipia.

Sumaku, zile za mtindo wa MagSafe ulioanza na iPhone 12 mwaka 2020, ni nzuri kwenye gari. Hushikilia sana ukivuta moja kwa moja, lakini huteleza kwa urahisi ukisukuma pembeni, na shimo husukuma pembeni. Kwenye pikipiki sizifungi, isipokuwa zile zenye kufuli la ziada.

Mtetemo na kamera

Kuna wanaodhani kwamba mtetemo kuharibu kamera ya simu ni uvumi. Mwezi Septemba 2021 Apple yenyewe ilitoa onyo kwamba mtetemo mkali wa injini kubwa za pikipiki ukipita kwenye usukani unaweza kuharibu kamera, na kwa skuta na pikipiki ndogo ikashauri kutumia holda yenye kizuia mtetemo. Sababu ni kwamba kamera zenye kutuliza picha huning'iniza lenzi au kihisi kwenye sumaku na springi ndogo mno. Injini ya pistoni moja ikizunguka mara 6,000 kwa dakika inatikisa usukani mara 100 kwa sekunde, kutwa. Dalili ya kwanza ni picha zinazocheza ukiwa umesimama, na kamera inayogonga gonga ikitafuta fokasi.

Simu nyingi za bei ya chini hazina kifaa hicho, kwa hiyo haziguswi sana na jambo hili. Lakini kama unafunga simu ya milioni mbili, weka damper, yaani vipande vya silikoni kati ya kichwa na shingo. Kosa la mafundi ni kuzikaza mpaka silikoni inalala bapa. Ikibanwa hivyo inakuwa ngumu, na mtetemo unapita kama kawaida. Acha simu icheze kidogo ukiigusa kwa kidole.

Chaji

Ramani, mwanga kamili na jua vinamaliza betri ya simu, kwa hiyo wengi wanataka USB. Tumia kigeuzi cha volti 12 kwenda 5 chenye ampia 2 au zaidi, weka fyuzi ya ampia 2 au 3 karibu na betri, ndani ya sentimita 15, na uchukue umeme kwenye waya unaozimwa na swichi ya funguo. Ukiunga moja kwa moja kwenye betri, kigeuzi kinachonyonya miliampia 20 tu kikiwa hakina simu kitamaliza betri ya ampia-saa 5 kwa siku kumi hivi. Na usiibe umeme kwenye waya wa taa kubwa bila kupima: kwenye pikipiki ndogo kadhaa taa hiyo inakula umeme wa AC (unaobadilisha mwelekeo) moja kwa moja kutoka kwenye koili, na kigeuzi cha DC (umeme wa betri) kitaungua. Acha kitanzi cha waya kwenye shingo ya usukani, kisha kata kona mpaka mwisho kushoto na kulia uone kama kuna kinachovutwa au kubanwa, holda yenyewe ikiwemo.

Mfuko wa plastiki wa kuzuia mvua uvishe simu mvua ikinyesha, jua likitoka uuvue. Simu inayochaji ndani ya mfuko saa saba mchana itapunguza mwanga na kusitisha chaji yenyewe. Apple, kwa mfano, inataka iPhone itumike penye joto la hewa lisilozidi nyuzi 35, na ndani ya mfuko huo joto hupita hapo haraka.

Kwa bajaji na gari, kikombe cha kunyonya kiwekwe kwenye kioo, si kwenye dashibodi yenye vipele. Bajaji yenye paneli ya bati ipewe kibati cha AMPS na skrubu nne za M4 zenye washa (pete bapa za chuma) pana nyuma. Hiyo haitoki.

Baada ya kufunga, chora mstari wa kalamu ya rangi nyeupe unaovuka kichwa cha skrubu na klampu, na mwingine unaovuka klampu na bomba. Rudi kuangalia baada ya kilomita 100, kisha kila mwezi. Mstari wa skrubu ukikatika, skrubu imejifungua. Ukikatika ule wa bomba, klampu imezunguka, na hapo usikaze tu: fungua, badilisha mpira, futa bomba, ndipo ufunge upya.