Bajeti ikibanwa, huduma za wasioona: yanayosemwa na ukweli wake

Hela zikipungua tu, huduma za wasioona zinaguswa mapema sana, na sababu mnazotoa nyie mnaopanga bajeti nyingi si za kweli.

"Siku hizi simu zinaongea, walimu wa nini tena?"

Hii ndo inaniuma kuliko zote. Simu zinaongea kweli, iPhone ina VoiceOver, programu inayosoma skrini kwa sauti, tangu 2009, Android ina ya kwake, TalkBack, na kwenye kompyuta ya Windows kuna NVDA ambayo ni bure kabisa. Lakini mshikishe simu hiyo mtu aliyepoteza uwezo wa kuona ukubwani bila kumfundisha uone, anagusa skrini inasoma kitu, anagusa tena inasoma kingine, hakuna kinachofunguka, maana hajaambiwa kwamba kugusa mara moja ni kusomewa tu na kufungua ni kugonga mara mbili, mwisho anaizima anaiweka kando. Programu ni ya bure, gharama iko kwenye kufundisha, na fungu la kufundisha ndo linalokatwa.

Na fimbo nyeupe ni hivyo hivyo, kumpa mtu fimbo si kumfundisha kutembea. Mguu wa kulia ukienda mbele fimbo inaenda kushoto, inapapasa pale mguu unaofuata utakapotua, huku masikio yakiwa kwenye magari. Hilo linataka mwalimu awe pembeni yake barabarani, tena siku nyingi.

"Asiyeona haoni chochote"

Wengi wao wanaona kidogo, wengine mwanga, wengine vivuli, wengine katikati tu kama wanachungulia kwenye bomba. Kwa hiyo mtu mwenye fimbo anayesoma meseji kwa herufi kubwa si tapeli jamani, msimfute kwenye orodha ya huduma! Halafu hawa wanasaidika kwa vitu vya bei ndogo tu, mstari wa rangi kali ukingoni mwa ngazi, taa nzuri, fomu yenye herufi kubwa.

"Tukihamishia kila kitu mtandaoni tutaokoa hela"

Inategemea mmehamishaje. Fomu iliyopigwa picha ikawekwa kama PDF, programu ya kusoma skrini mara nyingi haioni herufi hata moja pale, ni picha tu. Vitufe visivyo na majina vinasomwa "kitufe, kitufe, kitufe" basi. Matokeo yake mtu anamwomba jirani amjazie, jirani anajua ugonjwa wake na namba ya akaunti yake, au anarudi kaunta ileile mliyotaka kuifunga. Kutengeneza vizuri tangu mwanzo ni rahisi kuliko kuja kubomoa baadaye.

"Nukta nundu imepitwa na wakati"

Hapana, maandishi haya ya vidoti vya kupapasa kwa vidole bado yanahitajika. Mtoto anayesikiliza tu hajui neno linaandikwaje, na hesabu za kusikiliza ni mateso, na asiyeona wala kusikia atasikiliza nini?

"Vitabu vyao ni ghali mno"

Kuvitengeneza ni ghali, sikatai. Ila Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaotumika tangu 2016, unaruhusu nchi wanachama kubadilishana nakala zilizokwisha tengenezwa kwa ajili ya wasioona. Kabla hamjalipia kazi ya kitabu upya, ulizieni kwanza nje, huenda nakala ya lugha yenu ipo tayari, na hela hiyo ikabaki kumlipa mwalimu wa fimbo.