Je, wajua kwa nini msimamo mkali huweza kukinyima chama ushindi?

Chukua wauza madafu wawili ufukweni Shangani, Mtwara, bei yao ikiwa moja. Wateja wametapakaa ufukwe mzima, kila mtu anamfuata muuzaji wa karibu. Anayejitenga huko mwisho anabaki na wa mwisho tu. Mwenzake akimsogelea kidogo, anazoa wa katikati wote. Mwaka 1929 mchumi wa Marekani, Harold Hotelling, alipiga hesabu kama hii kwa maduka, akasema vyama navyo husogeleana kimsimamo vivyo hivyo. Mwaka 1957 Anthony Downs akaikuza kuwa nadharia ya uchaguzi.

Mifano ipo. Barry Goldwater, mgombea urais wa Marekani wa mrengo mkali wa kulia, yaani wa wahafidhina, alipata majimbo 6 tu mwaka 1964. Mwaka 1972 George McGovern, aliyeonekana wa kushoto mno, upande wa wanamageuzi, aliambulia Massachusetts na mji mkuu wa Washington.

Wengi hudhani sababu ni wapigakura wa katikati kuhama. Wanahama kweli, ila kuna jingine ninaloliona zito zaidi. Mwaka 2018 Andrew Hall na Daniel Thompson walichapisha utafiti kuhusu chaguzi za Bunge la Marekani: chama kikisimamisha mgombea mwenye msimamo mkali, wanaojitokeza kwa wingi ni wafuasi wa chama pinzani. Mgombea anayejigamba kuwa ataamsha watu wake huishia kuwaamsha wa mwenzake.

Lakini ukali unapimwa kutoka wapi? Tandahimba au Liwale sijui nani atakuuliza habari za kulia na kushoto. Utaulizwa bei ya korosho, stakabadhi ghalani (mfumo wa kuuza mazao kupitia ghala) na malipo yanayochelewa. Mwaka 2013, wananchi waliposema "gesi haitoki Mtwara" kupinga bomba la kwenda Dar es Salaam, serikalini ilionekana siasa kali. Mitaani Mtwara ndiyo ilikuwa kauli ya kawaida, na aliyeipinga ndiye aliyekuwa pembeni.

Mwaka 2015 jimbo la Mtwara Mjini likaenda kwa chama cha upinzani, CUF. Gesi peke yake haitoshi kueleza matokeo yale, maana korosho ilikuwemo, na kitaifa vyama kadhaa vya upinzani vilikuwa vimeungana chini ya UKAWA. Lakini kwenye urais, ambako kura za nchi nzima huhesabiwa kapu moja, John Magufuli wa CCM alishinda kwa asilimia 58.