Tiketi ya 30,000 haiishii kwenye 30,000

Mwaka jana, kuanzia Juni hadi Desemba, nilinunua tiketi kumi na moja za shoo. Nakaa Moshi, Majengo, na shoo nyingi ninazozipenda zinafanyika Arusha. Nilikwenda saba. Nne zilinifia kwenye simu. Meseji zake bado ninazo. Simzuii mtu kwenda kusikiliza muziki, mimi mwenyewe siuachi. Ila kuna maneno tunayoambiana sisi wapenda shoo, na niliyaamini mpaka mfuko ukatoboka.

Dhana: "Wahi, tiketi zinaisha!"

Kinachoisha mara nyingi ni awamu. Mwandaaji anaanza na tiketi chache za bei nafuu, kisha anapandisha, na mlangoni anapandisha tena. Tangazo likisema zimeisha, soma vizuri: zimeisha zile za bei ya chini. Uwanja kama Sheikh Amri Abeid haujai kwa tangazo la asubuhi moja. Ukumbi wa viti mia mbili ndio unaweza kujaa kweli, kwa hiyo kabla ya kuhangaika ulizia kwanza shoo inafanyika wapi.

Na usidhani ni ushamba wetu. Agosti 2024 kundi la Oasis lilipotangaza kurudi jukwaani, Waingereza walikaa foleni mtandaoni kwa saa kadhaa. Tiketi ya kusimama iliyotangazwa kwa takribani pauni 150, wengine walipofikia zamu yao waliikuta imepita pauni 350, maana bei ilikuwa ikipanda kufuatana na wingi wa wanunuzi. Kuna waliolalamika huku wanalipa. Nawaelewa kabisa.

Dhana: Tiketi ya mapema ni kuokoa pesa.

Unaokoa kama ungekwenda hata kwa bei ya mlangoni. Mimi niliona 20,000 badala ya 30,000, nikajipongeza kwa kuokoa kumi. Msanii mwenyewe sikuwa na wimbo wake hata mmoja kwenye simu. Nilichofanya ni kutoa ishirini.

Dhana: Gharama ya shoo ni kiingilio.

Hapa ndipo nilipoumia. Usiku mmoja wa Julai niliuandika wote nyuma ya daftari la dukani. Tiketi 30,000. Kosta ya Moshi–Arusha kwenda na kurudi, 8,000. Bodaboda za mjini, 6,000. Mishkaki na soda, 12,000, kwa sababu bango lilisema saa mbili usiku na msanii mkuu alipanda saa saba na nusu. Kwa muda huo tumbo halikai kimya. Shoo ikaisha saa tisa. Gari la Moshi hakuna, sweta sina, na baridi ya Arusha mwezi wa saba mnaijua. Gesti ya kwanza imejaa. Ya pili, 25,000, kitanda cha kulalia kwa saa tatu tu. Jumla 81,000, na duka nikalifungua saa sita mchana.

VIP sijaitia kwenye hesabu. Niliijaribu mara moja: kiti cha plastiki kilichovalishwa kitambaa cheupe, pembeni kabisa ya jukwaa, nikamtazama mpiga kinanda mgongo usiku kucha.

Dhana: Ukishalipa, lazima uende.

Pesa imeshatoka, ukienda hairudi, ukibaki hairudi. Kilichobaki kuamuliwa ni usiku wako tu. Rahisi kusema. Mwezi wa kumi nilitoka Moshi na homa, nimemeza dawa, mvua inanyesha, kisa tiketi iko kwenye simu. Nilisimama nyuma karibu na spika, kichwa kinagonga, nikiomba msanii amalize.

Wataalamu wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walichapisha mwaka 1985 jaribio la namna hii. Waliwachukua wanunuzi wa tiketi za msimu mzima za maigizo ya chuo kikuu. Wengine wakalipa dola 15 kamili, wengine wakapunguziwa bila kutarajia. Maigizo ni yaleyale, viti ni vilevile, lakini katika nusu ya kwanza ya msimu waliolipa bei kamili ndio waliohudhuria zaidi. Nusu ya pili tofauti ikafifia. Yaani uchungu wa pesa unapoa wenyewe. Mimi ningesubiri upoe, ningelala nyumbani na homa yangu.

Dhana: Bango likisema laivu, ni laivu.

Uliza: kuna bendi, au ni pleibeki? Ukizoea Msondo Ngoma, bendi iliyoanza mwaka 1964, ukiona mtu anarukaruka juu ya sauti yake mwenyewe inayotoka kwenye kompyuta, unajiona umelipa kiingilio cha kusikiliza redio.

Siku hizi nikishika simu kutaka kununua, mke wangu haniulizi bei. Anauliza, "Baba watoto, na utalala wapi?" Juzi limetoka bango la Desemba, Arusha, wiki ileile watu wa Dar wanapokuja kula Krismasi uchagani na gesti zinajaa mpaka mapokezi. Kuna bendi kamili, nimeshaulizia. Bango nimelifungua mara sita. Pa kulala bado sijapata.