Tovuti kutofunguka si lazima imedukuliwa
Huku Mtwara, msimu wa korosho, tovuti ya bei za mnada ikigoma kufunguka, wengi huamini imedukuliwa na taarifa zao zimeibwa. Hofu hiyo naielewa. Jasho la mwaka mzima limo humo. Ila shambulio la kuizidi seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) kwa maombi mengi mno ya kufungua kurasa haliibi kitu lenyewe: ni kama umati usio na mzigo kuziba mlango wa ghala, mwenye magunia akakosa pa kupita. Ghala halijavunjwa. Na mara nyingi hata shambulio hakuna. Diski ya seva imejaa, au wageni halali wamefurika.

Jaribu kwa bando la mtandao mwingine wa simu. Ikifunguka, tatizo huenda liko kwenye mtandao wako. Ukiona namba 503 kwenye ukurasa, seva ipo, imeshindwa kuhudumia kwa sasa.