Paa la kioo la gari likivuja, kosa si la mpira

Gari lenye paa la kioo linalofunguka, sanrufu, likivuja, wengi hulaumu mpira unaozunguka kioo, na fundi huupaka silikoni. Imani hiyo ni ya miaka mingi, nayo hugharimu watu bure.

Mpira ule haukuundwa kuzuia maji yote. Kazi yake ni kupunguza maji, vumbi na kelele za upepo. Maji yanayopenya huangukia kwenye mfereji uliouzunguka uwazi wa paa, kisha hushuka kwa vibomba vyembamba, aghalabu vinne, vilivyofichwa ndani ya nguzo za gari, hadi chini. Vibomba vikizibwa na vumbi na majani, au kimoja kikichomoka, mfereji hufurika. Ndipo kitambaa cha paa hulowa na zulia kunuka. Kumwaga silikoni juu huacha tatizo palepale, na huweza kukwamisha kioo chenyewe.

Kabla ya masika, fungua paa, futa mfereji, mimina maji kidogo kila pembe na uangalie kama yanadondoka chini ya gari. Yasipodondoka, pitisha uzi mnene wa nailoni taratibu ndani ya kibomba. Upepo mkali wa kompresa uepuke kabisa, maana huweza kung'oa kibomba mahali usipopafikia.

Ni kweli paa hili hupunguza nafasi ya kichwa na huingiza joto la jua la mchana. Lakini likitunzwa, kuvuja si lazima.