Je, wajua kwa nini pasipo na kibao cha bomu sio lazima pawe salama?

Chukua sentensi hii: "hapa kuna bomu au hapa hakuna bomu". Haipingiki. Iseme Kariakoo ni kweli, iseme katikati ya shamba lililotegwa mabomu Afghanistan ni kweli vilevile, na hapo ndo shida ilipo maana kitu ambacho ni kweli kila mahali hakikuambii mguu uuweke wapi. Hiyo ndo kweli ya kimantiki, na mtegua mabomu haimsaidii hata chembe.

Sasa kibao chekundu chenye fuvu kinasema kitu kimoja tu, palipo na kibao pana hatari. Sisi tunageuza fasta kichwani, hamna kibao basi poa, twende. Wapi! Ni kama useme mvua ikinyesha barabara inalowa, leo haijanyesha kwahiyo barabara kavu, kumbe bomba limepasuka tangu asubuhi. Vibao vinang'olewa, mti wake unaenda jikoni, na bomu liko palepale. Mbagala 2009 na Gongo la Mboto 2011, ghala za jeshi zilipolipuka, makombora yaliruka mpaka kwenye nyumba za watu, nani angekuwa ameshaweka kibao uani kwako?

Halafu kuna vibao vya uongo. Vita Kuu ya Pili, jangwani Afrika Kaskazini, majeshi yalizungushia waya na alama mahali ambapo hapakutegwa kitu, adui apoteze muda. Uongo huo ulifanya kazi kwa sababu vibao vingine vilikuwa vya kweli, vingekuwa vyote uongo nani angeogopa? Na kama kingeandikwa "kibao hiki kinadanganya" ndo kizunguzungu kabisa: kikiwa kweli basi kinadanganya, kikiwa kinadanganya basi kimesema kweli. Wanafalsafa wanakesha na hilo toka enzi za Wagiriki, mimi ningezunguka tu nipite mbali.

Ninayoyapenda ni mawe ya Afghanistan. Jiwe linapakwa rangi mbili, nyeupe inaelekea kulikosafishwa, nyekundu inaelekea kwenye mabomu. Fikiria hapo kidogo: ukiona nyekundu ndo inakutazama wewe, ushaingia. Simama hapohapo, usiokote kitu, piga kelele uombe msaada, na waambie wanaokuja wasikufuate.