Maji ya Kijani Nairobi: Maswali na Majibu

Bwawa la Nairobi, kule Lang'ata, mbona limegeuka majani matupu?

Lilijengwa mwaka 1953 liwe akiba ya maji, na watu walikuwa wakiendesha mashua humo. Kilichoharibu ni shibe. Mto Motoine unaoliingia hubeba maji taka, na ndani ya kinyesi, mkojo na maji ya kufulia mna nitrojeni na fosforasi, zile zile zilizomo kwenye mfuko wa mbolea. Gugu maji, mmea wa asili ya Amerika Kusini, likipata chakula hicho huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi.

Kukiwa na chakula chote hicho, si samaki wangenenepa?

Mwanzoni huenda. Halafu mwani, vile viumbe vidogo vya kijani vinavyoota majini kwa chakula hicho hicho, unakufa kwa wingi, bakteria wanauozesha, na kuozesha huko kunamaliza oksijeni. Usiku hali huwa mbaya zaidi kwa sababu hata mwani ulio hai huvuta oksijeni bila kutengeneza nyingine. Ndiyo maana alfajiri utaona samaki wamepanda juu, midomo wazi, wanahema. Ngege hufa mapema. Kambare huvumilia, kwa kuwa anaweza kuvuta hewa ya nje.

Nikichemsha maji ya kisima si yatakuwa salama?

Vijidudu vitakufa, naam. Naitreti, aina ya nitrojeni inayotokana na maji taka, haitoki. Kadiri maji yanavyopungua sufuriani ndivyo inavyozidi kukolea. Hatari kubwa ni kwa mtoto wa chini ya miezi 6 anayekorogewa maziwa ya kopo: mwilini naitreti hugeuka naitraiti, damu ikashindwa kubeba oksijeni, midomo na kucha zikawa za rangi ya samawati. Ukiona hivyo, mkimbize hospitali. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita. Kisima kifupi kilicho jirani na choo cha shimo kipimwe maabara. Macho na ulimi havitakuambia kitu. Na maji yenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika usiyanywe wala usimpe ng'ombe, maana huenda yana sumu inayoumiza ini, nayo pia haiondoki kwa kuchemsha.

Na ya bomba?

Mengi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, mbali na mito ya mjini. Bomba likipasuka mtaroni, shida ni vijidudu, kwa hiyo chemsha.

Sukumawiki ya kando ya mto inapendeza sana. Niile?

Inapendeza kwa sababu hiyo hiyo ya rutuba. Kuosha na kupika vizuri kunapunguza hatari ya minyoo na vijidudu. Madini mazito kutoka viwandani hayaoshwi, kwa hiyo mimi nisingenunua.

Tukijitolea kung'oa gugu maji?

Mkiling'oa mkaliacha ukingoni, litaoza na rutuba irudi majini. Lipelekeni mbali. Na maadamu vyoo vya juu ya mto havijaunganishwa na mabomba ya maji taka, mtakuwa mkirudi kung'oa kila mwaka.